Mto Yordani: Mahali pamoja pa ubatizo, kingo mbili za hija

Katika bonde la Yordani, mashariki mwa mji wa Yeriko, mahujaji wa Kikristo husimama kwenye ngazi za mbao wakiwatazama mahujaji wengine waliosimama mbele yao, hatua chache tu ng'ambo ya maji. Wengi wao wamevaa kanzu nyeupe, na nyimbo za upande mmoja husikika upande wa pili. Hata hivyo, walioko magharibi wamo katika Ukingo wa Magharibi unaokaliwa na Israel, na walioko mashariki wamo katika Ufalme wa Jordan. Katikati ya mto kuna mpaka. Ili mmoja amfikie mwenzake kwa njia halali, atahitaji basi, daraja lenye walinzi, pasipoti, viza, na huenda nusu siku nzima.

Hapa ndipo mapokeo ya kale ya Kikristo yanapoweka ubatizo wa Yesu kwa mkono wa Yohana Mbatizaji. Kwa karne nyingi palikuwa mahali pamoja penye kingo mbili. Vita vya karne ya 20 vilipagawa, mabomu ya kutegwa ardhini yakapafunga, na juhudi za miaka mingi zikapafungua tena kidogo kidogo. Sasa makundi yanaweza kufika upande wowote kati ya hizo mbili, lakini mto wenyewe, ambao ndio sababu ya safari, umebaki sehemu ndogo ya ulivyokuwa.

Mahali penyewe

Eneo hilo liko takriban kilomita tisa kaskazini mwa Bahari ya Chumvi, zaidi ya mita 350 chini ya usawa wa bahari. Wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40, na nje ya ukanda mwembamba wa matete na vichaka vya kando ya mto, ardhi ni kavu na nyeupe kama majivu.

Upande wa mashariki huitwa Al-Maghtas, jina la Kiarabu linalotokana na tendo la kuzamisha majini. Una sehemu mbili: Tell al-Kharrar, unaojulikana pia kama Kilima cha Mtakatifu Eliya, na eneo la magofu ya makanisa ya Yohana Mbatizaji karibu na mto. Upande wa magharibi huitwa Qasr al-Yahud, yaani Ngome ya Wayahudi.

Matukio matatu ya Biblia huhusishwa na sehemu hii ya bonde. La kwanza ni Waisraeli kuvuka mto wakiongozwa na Yoshua, wakitoka nyanda za Moabu kuelekea Yeriko. La pili ni nabii Eliya, aliyevuka pamoja na Elisha kabla ya kuchukuliwa juu katika kisulisuli. La tatu ni huduma ya Yohana, ambayo Injili ya nne inaiweka Bethania, ng'ambo ya Yordani. Kwa hiyo, kwa msomaji wa Maandiko, hapa ni mahali pa kuvuka: kutoka jangwani kwenda nchi ya ahadi, kutoka duniani kwenda mbinguni, kutoka maisha ya kale kwenda mapya. Maana hiyo si ngeni Afrika Mashariki. Katika mahubiri na nyimbo nyingi za misiba, "kuvuka Yordani" ni kuiaga dunia kwa matumaini.

Mahujaji wa karne za kwanza

Safari za kwenda mtoni ni za kale. Mwaka 333, msafiri aliyetoka Bordeaux, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, aliandika orodha ya vituo vya njia yake. Humo alitaja mahali alipobatizwa Yesu, na kilima cha ng'ambo ambako Eliya alichukuliwa. Mwanzoni mwa karne ya sita, mwandishi aitwaye Theodosius alieleza juu ya nguzo ya marumaru yenye msalaba wa chuma iliyosimamishwa mtoni, na kanisa lililojengwa na Kaizari Anastasius, ambalo liliinuliwa juu ya matao kwa sababu ya mafuriko.

Maelezo ya matao hayo yana uzito wa pekee leo. Magofu ambayo wanaakiolojia waliyafukua upande wa mashariki yanaonyesha kanisa baada ya kanisa likijengwa mahali palepale, kila moja baada ya lililotangulia kuharibika. Mto ulioyasumbua majengo hayo kwa mafuriko umehama tangu wakati huo, na magofu yamebaki kwenye mkondo wa kale, mbali kidogo na maji.

Karibu mwaka 570, msafiri kutoka Piacenza nchini Italia alishuhudia sikukuu ya Epifania mtoni. Aliandika kwamba watu walishuka majini wakiwa wamevaa nguo za kitani ambazo wangezitunza ili ziwe sanda zao. Wenye merikebu wa Alexandria nao walituma watu wao wakachote maji, ili wayanyunyizie vyombo vyao kabla ya kung'oa nanga. Desturi ya sanda haikufa. Hadi leo waumini wa makanisa ya Kiorthodoksi hununua vazi jeupe la kitani au pamba, huzama nalo mara tatu, hulianika, kisha hulikunja na kulirudisha nyumbani, likisubiri siku ya mazishi.

Jinsi mto ulivyokuwa mstari wa vita

Kati ya vita vya mwaka 1948 na vile vya 1967, kingo zote mbili zilikuwa chini ya utawala wa Jordan. Hujaji aliyetoka Yerusalemu ya Mashariki angeweza kufika mtoni na hata kuvuka bila kutoka katika nchi moja. Makanisa mbalimbali, yakiwemo ya Wafransisko, Waorthodoksi wa Kigiriki, Wasiria, Wakopti na Waethiopia, yalikuwa na nyumba za watawa au vikanisa upande wa magharibi.

Juni 1967 Israel iliuteka Ukingo wa Magharibi, na mto ukawa mstari wa mbele. Wapiganaji wa Kipalestina walikuwa wakivuka kutoka mashariki, na mapigano yalikuwa ya mara kwa mara. Mwaka 1968 jeshi la Israel lilifunga eneo hilo. Mabomu ya vifaru na ya watu yalitegwa mashambani, na majengo ya makanisa yaliyoachwa na watawa yakazingirwa kwa nyaya na vibao vya onyo. Upande wa mashariki nao ukawa eneo la kijeshi lenye mabomu yake. Mahali ambapo watu walikuwa wakifika kutafuta uzima pakawa pahali pa kukanyaga kwa hofu.

Mahujaji hawakuacha kutaka kubatizwa katika Yordani. Mwaka 1981 kilifunguliwa kituo cha Yardenit kaskazini kabisa, mahali mto unapotoka katika Ziwa la Galilaya. Hapo maji ni mengi na safi zaidi, kuna ngazi, vyumba vya kubadilishia nguo na duka. Makundi mengi, hasa ya Kiprotestanti, yameendelea kupatumia hata baada ya eneo la kusini kufunguliwa. Yardenit haidai kuwa mahali pa asili pa ubatizo wa Yesu. Palianza kutumika kwa sababu pale pa asili palikuwa hapafikiki.

Kufunguliwa kwa awamu

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mkataba wa amani kati ya Israel na Jordan, uliotiwa saini tarehe 26 Oktoba 1994. Jordan iliondoa mabomu upande wake, na kuanzia mwaka 1996 wanaakiolojia wakaanza kufukua makanisa, mapango ya watawa, visima na mabwawa ya kubatizia ya enzi za Warumi na Wabizanti.

Ziara za mapapa zililitangaza eneo hilo duniani. Machi 2000, Yohane Paulo wa Pili alifika kingo zote mbili, kwanza mashariki, kisha magharibi. Benedikto wa 16 alibariki mawe ya msingi ya makanisa upande wa Jordan mwaka 2009, na Fransisko alifika huko Mei 2014. Mwaka uliofuata, 2015, UNESCO iliiingiza Al-Maghtas katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Upande wa magharibi ulichelewa. Kwa miaka mingi mahujaji waliruhusiwa kufika kwa nyakati maalum tu, hasa wakati wa Epifania, wakisindikizwa na wanajeshi. Mwaka 2011 Qasr al-Yahud ilifunguliwa kwa wageni wa kila siku, bila kiingilio. Lakini barabara ya kwenda mtoni ilipita kati ya ua mbili, na nyuma ya ua hizo, mabomu yalikuwa bado ardhini.

Kuyaondoa kulihitaji kwanza makubaliano kati ya pande ambazo ni nadra kukubaliana: Israel, Wapalestina na makanisa yenye ardhi hiyo. Shirika la HALO Trust, lenye asili ya Uingereza, lilianza kazi mwaka 2018 na kuondoa maelfu ya mabomu. Tarehe 10 Januari 2021, Wafransisko waliadhimisha Misa katika kikanisa chao kando ya mto kwa mara ya kwanza tangu Januari 1967. Miaka 54 ilikuwa imepita.

Kundi linasafirije?

Hija ya Kikristo katika nchi za Biblia mara nyingi ni safari ya kundi. Basi moja hubeba watu 40 hivi. Kundi huwa na viongozi wawili: padri, mchungaji au askofu anayeongoza sala na mafundisho, na mwongoza watalii mwenye leseni ya nchi husika. Kundi linapovuka mpaka, kiongozi wa kiroho huendelea nalo, lakini mwongoza watalii na basi hubaki. Ng'ambo kundi hupokewa na wengine.

Njia zinazotumika zaidi ni mbili. Ya kwanza huanzia Amman, mji mkuu wa Jordan. Kundi hupita Madaba, ambako sakafu ya Kanisa la Mtakatifu George ina ramani ya mozaiki ya karne ya sita inayoonyesha nchi takatifu, pamoja na samaki wa Yordani anayegeuka kurudi alikotoka baada ya kukaribia Bahari ya Chumvi. Kisha hupanda Mlima Nebo, ambako Musa aliiona nchi ya ahadi, hushuka Al-Maghtas, na kuvuka daraja linaloitwa King Hussein upande wa Jordan na Allenby upande wa Israel, kuelekea Yeriko, Yerusalemu, Bethlehemu na Galilaya. Ya pili huanzia uwanja wa ndege ulio karibu na Tel Aviv na kubaki magharibi mwa mto. Kundi la njia hii hufika Qasr al-Yahud au Yardenit bila kuvuka mpaka wowote wa kimataifa.

Daraja ndilo linalowashinda wasiojiandaa. Kwa kawaida viza ya Jordan haitolewi hapo, hivyo anayetoka magharibi anapaswa kuwa nayo mapema. Anayepanga kuingia Israel, kwenda Jordan na kurudi Israel anahitaji ruhusa ya kuingia zaidi ya mara moja. Saa za kazi ni chache, hupunguzwa zaidi Ijumaa na Jumamosi, na daraja huweza kufungwa ghafla hali ya usalama inapobadilika. Kwa msafiri wa Afrika Mashariki ambaye amelipia safari kwa michango ya muda mrefu, kasoro moja ya karatasi inaweza kumwacha nyuma huku wenzake wakiendelea.

Kuzamishwa, kunyunyiziwa na kurudia ahadi

Wanapofika mtoni, si wote wanaofanya jambo moja. Makanisa yanayobatiza watoto wachanga, kama vile Katoliki, Anglikana na Kilutheri, hayabatizi mtu mara ya pili. Mapadri na wachungaji wake huongoza ibada ya kurudia ahadi za ubatizo, kisha huwanyunyizia waumini maji au huwaacha waguse mto kwa mikono. Kwa Waorthodoksi, kuzama mara tatu ni tendo la baraka na toba, wala si ubatizo mpya.

Makanisa yanayoshikilia ubatizo wa maji mengi kwa mtu aliyefikia umri wa kuamua yana mtazamo tofauti. Baadhi ya waumini wao huja wakiwa hawajabatizwa kwa makusudi, ili wazamishwe Yordani. Wengine waliokwisha kubatizwa nyumbani, katika bahari au Ziwa Victoria, huomba kuzamishwa tena. Mjadala huo huanza ndani ya basi, na kiongozi mwenye busara huumaliza kabla ya kufika mtoni, kwa kueleza mapema kitakachofanyika na kisichofanyika.

Kipindi chenye watu wengi zaidi ni Januari. Wakatoliki huadhimisha Ubatizo wa Bwana Jumapili baada ya Epifania. Waorthodoksi wanaofuata kalenda ya kale hukusanyika tarehe 18 na 19. Patriaki wa Kigiriki wa Yerusalemu hushuka hadi ukingoni, hubariki maji kwa msalaba, na hua weupe huachiliwa. Siku hizo hizo Waethiopia husherehekea Timkat, sikukuu kubwa ambayo nchini kwao huwatoa mamilioni ya watu kwenda kando ya maji yaliyobarikiwa. Mahujaji Waethiopia wanaofika Yordani wanakuja kwenye chemchemi ya sikukuu wanayoifanya nyumbani kila mwaka, na kanisa lao ni miongoni mwa yale yenye ardhi upande wa magharibi.

Ni ukingo upi ulio wa kweli?

Swali hili huulizwa na karibu kila kundi. Jordan hutaja maneno ya Injili, ng'ambo ya Yordani, ambayo kwa mtu aliye Yerusalemu ni mashariki, na hutaja pia magofu ya makanisa ya Wabizanti. Wanaotetea magharibi hutaja karne za hija zilizofanyika upande huo, hasa nyakati ambazo kuvuka kulikuwa kwa hatari. Akiolojia inaweza kuonyesha mahali ambapo Wakristo wa kale walisali na kukumbuka. Haiwezi kuonyesha alama ya mguu wa mtu mmoja katika maji yanayopita. Tena mto wenyewe umebadili mkondo, kiasi kwamba ukingo wa leo si lazima uwe ukingo wa wakati wa Yohana.

Nyuma ya mabishano hayo kuna riziki. Ukingo unaopokea mabasi hupata kazi za waongozaji, madereva, wenye hoteli na wauzaji wa vinyago vya mzeituni. Tangu vita vilipoanza Oktoba 2023, makundi mengi yalifuta safari. Bethlehemu, mji unaotegemea sana mahujaji, uliumia vibaya, na Jordan, ingawa haikuwa uwanja wa vita, nayo iliona makundi yakipungua, kwa kuwa hija nyingi hupangwa kama safari moja ya nchi zote mbili. Hata hivyo, tarehe 10 Januari 2025 kanisa kubwa la Kikatoliki la Ubatizo wa Yesu liliwekwa wakfu Al-Maghtas na Kardinali Pietro Parolin.

Mto uliopungua

Hujaji anayeuona Yordani kwa mara ya kwanza mara nyingi hunyamaza. Alitarajia mto mpana, na anakuta mfereji wa rangi ya udongo wenye upana wa mita chache, ambao mtu angeweza kurusha jiwe hadi nchi nyingine bila kutumia nguvu.

Inakadiriwa kwamba zamani Yordani ilikuwa ikiingiza takriban mita za ujazo bilioni 1.3 kila mwaka katika Bahari ya Chumvi. Leo kinachofika ni chini ya asilimia 10 ya kiasi hicho. Israel ilianza kusafirisha maji ya Ziwa la Galilaya kwa mfumo wake wa kitaifa mwaka 1964. Jordan ilijenga mfereji mkubwa unaochukua maji ya Mto Yarmuk, kijito kikuu cha Yordani, na Syria ikajenga mabwawa kwenye mto huohuo. Kila nchi ilikuwa na wakulima na miji ya kuhudumia, na kila moja ilichukua kabla ya jirani yake kuchukua.

Chini ya Yardenit, mahali pa maji matamu palichukuliwa na maji ya chumvi yaliyoelekezwa mbali na ziwa, maji yanayotoka mashambani, na kwa miongo mingi maji taka. Ndiyo maana viongozi wenye uzoefu huwaonya mahujaji wasiyanywe maji ya Qasr al-Yahud au Al-Maghtas. Bahari ya Chumvi, iliyokosa mto wake, hushuka kwa takriban mita moja kila mwaka.

Kumekuwa na hatua za kurekebisha. Mwaka 2013 Israel ilianza kuachilia kiasi kidogo cha maji ya ziwa yaingie tena mtoni, na mitambo ya kusafisha maji taka imejengwa sehemu mbalimbali za bonde. Shirika la mazingira la EcoPeace, linalowaunganisha Wajordan, Wapalestina na Waisraeli, limekuwa likiwahimiza viongozi wa dini wa pande zote kuutetea mto kama urithi wa pamoja.

Kuondolewa kwa mabomu kuliwezekana kwa sababu ardhi inaweza kugawanywa: upande mmoja ulisafishwa katika miaka ya 1990, wa pili ukasubiri hadi 2018, na kila upande ulifunguliwa kwa wakati wake. Maji hayana nafasi hiyo. Kinachozuiwa, kinachochotwa na kinachomwagwa juu huwafikia mahujaji wa kingo zote mbili siku ileile, na hakuna kundi, kutoka Addis Ababa, Nairobi au kwingineko, litakalochagua ukingo wenye mto mzima ilhali ule mwingine umekauka.